Mfuko wa barua uliolala Kwihara

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka turudi nyuma hadi mwaka 1871, pale Kwihara, jirani na mji wa Tabora. Wengi wenu mliopita Tabora mmelitembelea lile tembe la Kwihara ambalo Dk. David Livingstone alikaa mwaka 1872, na ambalo sasa ni makumbusho. Lakini leo sizungumzii tembe. Nazungumzia mfuko wa barua.

Mfuko huo ulikuwa wa Livingstone mwenyewe. Juu yake iliandikwa tarehe 1 Novemba 1870, yaani siku ulipoanza safari kutoka Unguja. Wapagazi waliokabidhiwa walichelewa siku nyingi Bagamoyo, kisha wakafunga safari, wakavuka Ugogo na lile pori la Mgunda Mkali, wakafika Unyanyembe. Hapo mfuko ukakwama. Mtemi Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa Tabora na njia ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipofika Unyanyembe aliukuta umelala tu, na alipopata njia ya kuzunguka upande wa kusini aliuchukua. Livingstone aliupokea kule Ujiji karibu mwaka mzima baada ya kuondoka Unguja. Ndani yake mlikuwa na barua za watoto wake.

Sasa jiulize, ndugu msikilizaji: barua ikisema mtoto anaumwa, kisha ikamfikia baba yake baada ya mwaka, baba huyo atafanya nini nayo?

Nimekikumbuka kisa hiki kwa sababu kila mwisho wa mwezi, katika zahanati zetu zote, mganga au muuguzi huketi mezani akafunga mfuko wa namna hiyo. Huhesabu wagonjwa wa malaria, wa kuhara na wa nimonia. Huhesabu watoto waliochanjwa na kina mama waliojifungua. Hujaza taarifa, na taarifa huenda wilayani, mkoani na wizarani. Swali letu la leo ni hili: taarifa hiyo humfikia nani, na je, kuna jibu lolote linalorudi kwa yule aliyeiandika?

Tuanze na njia yenyewe. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, Ugogo na Tura hadi Unyanyembe. Kutoka hapo iligawanyika, nyingine ikaenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliobeba mizigo kwa ujira na kujivunia kazi yao. Njia iliyopitisha pembe za ndovu, nguo na shanga ilipitisha pia maradhi. Richard Burton na John Speke waliopita mwaka 1857 waliona kando ya njia miili na mifupa ya watu waliouawa na ndui, na wengine wakijikokota huku ugonjwa umekwisha wapofusha.

Misafara ilikuwa na orodha zake. Ziliandikwa habari za wapagazi, za mizigo na za posho. Mpagazi akifa njiani, mzigo wake ulipewa mwingine na safari ikaendelea. Hesabu ile ilikuwa hesabu ya mali. Ilijua vizuri sana mzigo uko wapi, lakini haikuwa kazi yake kujua mtu yuko wapi. Na hapa historia ina jambo la kutufikirisha. Mfanyabiashara mkubwa aliyewatafutia wasafiri wapagazi pale Bagamoyo, akiwemo Stanley, alikuwa Sewa Haji Paroo. Ni yeye huyo aliyetoa mali yake zikajengwa hospitali, na jina lake mpaka leo limo katika wodi ya Sewahaji pale Muhimbili. Wagonjwa wengi hulazwa humo bila kujua kuwa jina hilo lilianza kwenye biashara ya misafara.

Mtu wa kwanza ninayemfahamu aliyejaribu kukusanya habari za maradhi ya nchi hizi kwa utaratibu alikuwa James Christie, daktari wa Kizungu aliyeishi Unguja. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwishoni mwa mwaka 1869 na kuua maelfu ya watu, Christie hakuishia kutibu. Aliwauliza wafanyabiashara, wamisionari na watu wa misafara: ugonjwa mliuona wapi, wakati gani, na waliouleta walitoka wapi? Kwa kuunganisha majibu yao aliweza kuifuata njia ya ugonjwa kutoka upande wa Bahari ya Shamu, kupitia Uhabeshi, nchi ya Waoromo na Umasai, hadi pwani ya Pangani, ndipo ukavuka kuja Unguja. Aliwasikiliza na wazee pia. Ilipozuka homa ya kidingapopo mwaka 1870, wazee walimwambia ugonjwa wenye jina hilo walikwisha uona kiasi cha miaka hamsini iliyopita. Jina hilo hilo lilirudi vinywani mwetu mwaka 2014, dengi ilipowashika watu wa Dar es Salaam.

Christie aliuliza maswali mazuri. Lakini kitabu chake kilitoka London mwaka 1876, wakati waliokufa wamekwisha zikwa miaka mingi, na watu wa misafara waliompa habari hawakupata kukisoma. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa mabwana wakubwa waliofuata. Mwaka 1905 Mjerumani Robert Koch alichunguza homa ya papasi katika nchi hii. Aliwakuta papasi katika vibanda na nyumba walimolala watu wa misafara, na akagundua kuwa vijidudu vya homa hiyo hupita hadi kwenye mayai ya papasi. Shauri lililotolewa lilikuwa kwamba msafiri apige hema mbali na vibanda hivyo. Ni shauri la maana kwa mwenye hema. Mpagazi, ambaye damu yake ndiyo iliyotoa elimu hiyo, aliendelea kulala bandani.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya upagazi ikafifia. Wakaja Waingereza. Malale yalipoenea katika mapori ya magharibi, miaka ya 1920 na 1930, watu wengi walihamishwa wakakusanywa katika makazi makubwa ili msitu ufyekwe na ndorobo wapungue. Watu waliandikwa, wakahesabiwa, wakakaguliwa. Siwezi kusema kazi ile haikuokoa maisha. Lakini daftari lile lilikuwa la serikali kuwaangalia watu, si la watu kujiangalia wenyewe.

Ndugu msikilizaji, sasa tufike kwenye daftari la namna nyingine kabisa. Daftari hili lilitengenezwa hapa hapa Tanzania, na likaifundisha dunia.

Mwaka 1977 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Aliyeshirikiana na waganga wetu ni daktari mmoja mzaliwa wa Chekoslovakia, Karel Styblo, aliyekuwa akifanya kazi na shirika la kimataifa la kupambana na kifua kikuu. Styblo alikuwa amefungwa katika kambi ya Wanazi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na huko ndiko alikopata kifua kikuu yeye mwenyewe. Aliujua ugonjwa huo kwa kuugua, si kwa kuusoma tu.

Shida ya kifua kikuu wakati huo haikuwa kukosa dawa peke yake. Mgonjwa alianza dawa, akapata nafuu, akarudi shambani. Kikohozi kikarudi, na safari hii vijidudu vimekwisha izoea dawa. Hospitali ilijua wagonjwa wangapi wameanza matibabu. Haikujua wangapi wamepona. Kwa maneno mengine, ilijua mizigo mingapi imetoka Bagamoyo, lakini haikujua mingapi imefika Ujiji.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa daftari. Kila wilaya iliwekewa rejista moja na mratibu mmoja. Kila mgonjwa aliandikwa jina lake, kijiji chake, majibu ya makohozi yake na siku aliyoanza dawa. Miezi miwili ya kwanza alimeza dawa mbele ya mhudumu wa afya. Kisha kila robo mwaka mratibu alitakiwa kujibu maswali mawili. La kwanza lilikuwa jepesi: umepata wagonjwa wapya wangapi? La pili lilikuwa gumu: wale ulioandika mwaka jana katika robo kama hii, yuko wapi kila mmoja wao? Amepona? Amefariki? Amehamia wilaya nyingine? Ameacha dawa? Hesabu ya majibu ilipaswa kulingana na hesabu ya majina. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kupotea kati ya mistari.

Hebu fikiri jinsi swali hilo linavyobadili kazi. Mratibu anayejua kwamba ataulizwa habari za mtu fulani wa kijiji fulani hangoji mwisho wa mwaka. Akiona mgonjwa hakuja kuchukua dawa, anampelekea ujumbe, au anapanda pikipiki kumfuata. Hivyo kuandika kukawa sehemu ya kutibu. Dawa za muda mfupi zilipoongezwa katika miaka ya 1980, karibu wagonjwa wapya wanane katika kila kumi waliandikwa kuwa wamepona. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kifua kikuu kuwa janga la dharura la dunia, utaratibu uliosambazwa katika nchi nyingi ulikuwa umejengwa juu ya kazi iliyofanyika Tanzania. Styblo alifariki mwaka 1998. Rejista yake bado inaandikwa.

Mwaka huo huo wa 1993 kulianza kutengenezwa jambo jingine kubwa. Kabla ya hapo kila mpango wa afya ulikuwa na fomu zake: chanjo zake, uzazi wa mpango zake, dawa zake. Mganga mmoja wa zahanati alijaza karatasi za wakubwa wengi wasiojuana. Ukaletwa Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao sote tunaufahamu kwa jina la MTUHA. Ulikuja na vitabu 12 vyenye namba. Kitabu cha 5 ni cha wagonjwa wa nje, cha 6 ni cha wajawazito, cha 7 ni cha watoto, cha 8 ni cha uzazi wa mpango, na cha 12 ni cha kina mama wanaojifungua. Nia yake ilikuwa njema na ilisemwa wazi: takwimu zitumike kwanza pale pale zinapoandikwa, kisha ndipo zipande juu.

Je, nia hiyo ilitimia? Nitakueleza nilichokiona mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipita katika zahanati moja ya Mkoa wa Tabora, si mbali na njia ya zamani ya misafara. Jina lake silitaji. Ilikuwa siku ya mwisho wa mwezi. Muuguzi alikuwa peke yake, mganga amekwenda semina. Alikuwa amehudumia watu tangu asubuhi, na sasa alikuwa akihesabu vijiti katika rejista na kuhamishia jumla kwenye fomu. Kitabu kimojawapo kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo alikuwa amepiga mistari kwa rula katika daftari la shule.

Nikamwuliza, “Dada, hesabu hizi ni za nani?”

Akajibu bila kuinua kichwa, “Za wilayani, baba.”

“Na wewe zako ni zipi?”

Akacheka. “Mimi zangu ni kuandika.”

Ukutani palikuwa na chati ya chanjo, ile ambayo huchorwa mstari kila mwezi. Mstari ulikuwa umesimama mwezi wa nne. Nilipomwuliza sababu, alisema hakuna aliyewahi kuja kuutazama.

Kisha nikamwuliza kina mama wangapi walijifungulia hapo mwezi wa tatu. Akatazama Kitabu cha 12: walikuwa nusu tu ya wale wa mwezi wa kumi na moja. Nikasema, basi mwezi wa tatu uzazi ulipungua. Hapo ndipo aliponitazama. “Haukupungua, baba. Masika mto unajaa. Wa kitongoji cha ng'ambo hawavuki.” Akaniambia kwamba masika yaliyopita mama mmoja alijifungulia ukingoni mwa mto, na mtoto hakuishi. Mtoto yule hayumo kitabuni, kwa kuwa hakuzaliwa zahanati. Taarifa iliyokwenda wilayani ilisema tu kwamba wazazi wamepungua, na mtu anayeisoma kutoka mbali angeweza hata kufurahi kwamba mkunga amepata nafuu ya kazi.

Ndugu msikilizaji, muuguzi yule alikuwa na habari muhimu kuliko zote zilizomo katika fomu ile, na fomu haikuwa na safu ya kuziandika. Alikuwa kama mpagazi anayejua uzito wa mzigo wake hatua kwa hatua, ila hakuambiwa umo nini ndani wala nani atakayeufungua.

Lakini tazama: jibu lilikuwa mezani pake. Kitabu cha 6 kina jina la kila mjamzito aliyehudhuria kliniki, mahali anapoishi na wakati anaotazamiwa kujifungua. Kitabu cha 12 kina jina la kila aliyejifungua hapo. Weka vitabu viwili hivyo pamoja, soma majina ya wale wa ng'ambo ya mto, kisha uyatafute katika Kitabu cha 12. Asiyemo, ulizia habari zake. Na bora zaidi, fanya hivyo mwezi wa pili kabla mto haujajaa, ili serikali ya kijiji ijue ni kina mama wangapi wanaohitaji kuvushwa mapema na kupata pa kukaa kwa ndugu upande huu. Hiyo ndiyo rejista ya kifua kikuu ikihamishiwa kwa wazazi. Haihitaji fomu mpya, inahitaji swali.

Kwamba takwimu zikirudi chini huokoa watu, si maneno matupu. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 hadi mwaka 2004 Wizara ya Afya, kwa msaada wa Kanada, iliendesha mradi katika wilaya za Rufiji na Morogoro. Kule Rufiji wahojaji walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne, wakaandika nani amezaliwa, nani amefariki na amefariki kwa dalili gani. Habari hizo hazikufungiwa kabatini. Zilirudishwa kwa wakuu wa afya wa wilaya katika michoro rahisi, yenye kuonyesha kando kwa kando ugonjwa gani unaua zaidi na fedha zinakwenda wapi. Walipoona malaria inaua wengi lakini inapewa fungu dogo, walibadili bajeti. Fedha za nyongeza hazikufika hata dola moja kwa mtu kwa mwaka. Katika miaka michache vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano kule Rufiji vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Siku hizi tunazo kompyuta. Kufikia mwaka 2013 wilaya zote za Tanzania Bara zilikuwa zimeanza kuingiza taarifa za MTUHA katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo kutokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwa washiriki wakubwa. Ni hatua kubwa. Mfuko uliochukua miezi sasa huchukua dakika chache. Lakini kompyuta haiwezi kujua kilichotokea ukingoni mwa mto ikiwa hakuna aliyeulizwa. Itaipokea ile nusu ya wazazi, itaichora kwa rangi nzuri, na itabaki kuwa nusu.

Aidha, kompyuta hugawa kwa hesabu ya watu inayotokana na sensa. Mkoa kama Tabora watu huingia na kutoka: wafugaji na ng'ombe wao, wakulima wa tumbaku, warina asali wanaokaa porini kwa msimu. Ndiyo maana utaweza kukuta kituo kimechanja asilimia 110 ya watoto wake. Asilimia 110 haina maana kwamba watoto wote wamechanjwa. Ina maana kwamba wapo watoto tusiowajua, na huenda wapo wengine zaidi porini wasiofikiwa kabisa.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu madogo. Kwanza, wakubwa wa wilaya wasipokee taarifa ya mwezi bila kurudisha jibu, hata liwe la mistari mitatu. Pili, anayetunga fomu mpya afute safu moja kabla ya kuongeza nyingine, kwa sababu muuguzi mmoja akipewa safu nyingi mno atazijaza kwa kukisia. Tatu, na hili ni lako wewe msikilizaji, kila zahanati ina kamati yake. Mwulize mjumbe wako asome hesabu za zahanati katika mkutano wa kijiji. Zikisomwa mbele ya watu wa ng'ambo ya mto, watajua mara moja ni nani amesahauliwa.

Mfuko wa Livingstone ulilala Kwihara kwa sababu ya vita. Kama wa kwetu unalala, tujiulize ni kwa sababu gani.

Hadi juma lijalo, nawatakieni afya njema.